Mkono Ambao Kavetsa Hakuutoa

Kavetsa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Laini Saba, ni mama wa kukumbatia kila mtu. Mlevi akianguka karibu na meza yake, humwinua na kumpangusa matope huku akimgombeza. Watoto wa ploti yao wote wamewahi kulala mgongoni pake. Sasa mtu kama huyo ukimwambia ana moyo baridi, si unamchokoza?

Binti yake Immaculate ameolewa Kawangware na Dedan, mwana wa Rahab mwenye ploti. Immaculate alipojifungua, Kavetsa alifunga unga wa wimbi kwenye leso, akabana kuku kwapani, akaenda kumwogesha mjukuu. Kwao kazi hiyo ni ya nyanya mzaa mama.

Kufika langoni, Dedan akatoka mbio, mikono wazi. "Mum, karibu!"

Kavetsa aligeuka akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Kuku alipiga kelele, wapangaji wakacheka. Kwao Maragoli, mama mkwe hashikani mikono na mume wa bintiye, wala hawakai chumba kimoja. Si chuki hiyo, ni heshima yenyewe. Lakini nani alimweleza Dedan, asiye wa kwao? Kijana alibaki na mikono hewani, uso umemshuka.

Rahab, aliyekuwa mlangoni, akamwambia Immaculate, "Mama yako ni aloof sana. Mtoto ataogeshwa na msichana wa kazi."

Immaculate alilia tu. Kuku akapokelewa, mwenye kuku akarudishwa.

Hilo "aloof" Kavetsa alilibeba njia nzima, akalitua kwa Jael, mwalimu wa nasari anayenunua omena kwake.

"Ni nini hiyo, mwalimu?"

"Ni mtu wa kujiweka mbali, mama. Mkicheka, mkilia, yeye yuko pembeni kama jiwe. Kama daktari anayekuandikia dawa bila kukutazama usoni. Ingawa wengine ni haya tu, watu wanadhani ni maringo."

"Jiwe? Mimi?" Kavetsa alipiga meza, omena wakaruka. "Nimejificha kwa sababu namheshimu mtoto wao! Jiwe hujificha?"

Kesho yake alirudi Kawangware, akaketi nje chini ya dirisha la Immaculate, mgongo ukiwa kwa nyumba.

"Mama Dedan! Toka unisikie! Kijana wako ningemchukia, ningempa mkono kama ninavyompa kila mpita njia. Yeye peke yake Nairobi hii ndiye namkimbia! Na wewe unaniita jiwe, unamnyima mjukuu mikono yangu!"

Rahab alitoka. Ndani, Dedan aliuliza polepole, "Mum, kwa nini hukuniambia?"

"Immaculate, mwambie mume wako haya mambo hayasemwi na mama mkwe. Ulipaswa kumwambia wewe!"

Dedan akamlaza mtoto kitandani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama nyuma ya lile tangi. Hapo ndipo Kavetsa akaingia.

Rahab mwenyewe alileta karai la maji. Kavetsa akachovya kiwiko kupima joto.

"Ongeza ya moto, Mama Dedan," akasema, hasira ikiwa bado kooni. Mtoto alitoa sauti kali, na huko nje baba yake akakohoa.

"Naweza kuingia sasa?"

"Immaculate," Kavetsa akasema, akimsugua mjukuu shingo, "mwambie bado."