Gari Lilisema Hamsini na Mbili

Gari la umeme lilipofika kwangu lilikuwa limeshawatumikia watu wa Japani miaka mingi. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyelipata, akalileta kwetu juu ya lori, kwa sababu kwa betri yake lingekuwa njiani mpaka leo. Lilipoteremshwa uani nililiwasha, na kwenye dashibodi likaandika kwamba linaweza kwenda kilomita 138. Kando ya namba hiyo palikuwa na vijiti vidogo vya kuonyesha uzima wa betri. Vilitakiwa kuwa kumi na viwili, na vilikuwa vimebaki tisa. Mwanangu alinionyesha vile vijiti. Mimi nikatazama namba.

Nilimaliza kidato cha nne wakati ambapo, huku kwetu upande wa Kamuli, watu wa kidato cha nne ulikuwa unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Baadaye nikawa karani wa mizani ya kahawa mpaka nilipostaafu. Mkulima alileta gunia lake, mshale ukasimama, mimi nikaandika. Kama alinung'unika kwamba gunia hilo lilimvunja mgongo njiani na haliwezi kuwa jepesi hivyo, nilimwonyesha mshale. Nadhani ndipo nilipozoea kuamini kitu kinachoonyesha namba kuliko mtu anayesema.

Gari lilikuja kwa ajili ya mke wangu. Msimu wa mvua aliteleza kwenye mteremko wa shamba letu la migomba akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na magongo mawili. Tukaambiwa kuwa kila siku ya kazi, kwa wiki nane, lazima afike hospitali ya Nyakahanga kwa mazoezi. Dada aliyemfanyisha mazoezi, mpole wa sauti lakini mwenye mikono ya chuma, alituambia waziwazi: "Mama, mguu huu sasa unajifunza upya. Ukiupa likizo utasahau, na ukisahau utabaki hivyo." Mtu wa nyonga hawezi kupanda bodaboda. Magari ya abiria ya kwetu yanabana watu wanne nyuma. Kwa hiyo kilomita thelathini na sita za kwenda na thelathini na sita za kurudi zikawa juu yangu na juu ya lile gari.

Kabla sijasimulia safari zenyewe, lazima niseme nilichofanya kwenye kikundi cha machela.

Kwetu kila kitongoji kina kikundi hicho. Mgonjwa akizidiwa mahali gari lisipofika, wanaume humlaza kwenye machela na kumbeba kwa zamu mpaka barabarani, na siku hizi za mvua hata mbali zaidi. Kila nyumba ina zamu yake. Asiyetokea bila sababu hutozwa debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wenzake huinywa mbele yake huku wakimtazama. Nilikuwa mwanachama tangu nilipooa. Wiki gari lilipofika, nikaenda kwenye kikao nikaomba nifutwe. Nilisema nimezeeka, na hilo lilikuwa kweli. Ningeishia hapo. Lakini nikaongeza: "Na sasa mgonjwa wangu ana gari."

Mwenyekiti wa kikundi ni mtu niliyechunga naye mbuzi. Hajawahi kuniita kwa kingine zaidi ya Karani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua macho.

"Sawa, Karani. Hilo gari lina mabega mangapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu kwamba lina kilomita mia moja na thelathini na nane. Wakacheka zaidi, nami nikatoka nikidhani nimeshinda.

Siku ya kwanza ya safari, namba ilianza kunidanganya tukiwa bado hatujafika barabara kubwa. Tulipanda kilima kimoja tu, ikashuka kana kwamba tumesafiri nusu saa. Tulipoteremka upande wa pili ikapanda kidogo, kwa kuwa gari la umeme likiteremka hujirudishia moto kwenye betri. Nikafurahi. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma amenyoosha mguu kwenye mito, akasema, "Linakurudishia chenji ya ndizi baada ya kula mkungu."

Nilikuja kujua mambo mengi kuhusu gari hilo ambayo namba haikuyasema. Barabara ya udongo ikilowa, linakula kama mtu atokaye shambani. Ukungu wa asubuhi ukiziba kioo ukawasha kipulizio cha hewa ya moto, kilomita kadhaa zinaondoka hapo hapo umesimama. Nikipakia mikungu miwili ya ndizi kumpelekea dada wa mazoezi, nilijua kwa jinsi betri ilivyoshuka. Nikikanyaga taratibu, bila haraka kwenye vilima na bila breki za ghafla, kama mtu aliyejitwisha mtungi, tulifika na akiba nzuri. Kwa hesabu ya uzoefu, ile 138 ilikuwa themanini siku ya jua na pungufu ya hapo siku ya mvua. Kwenda na kurudi bila kuchaji katikati lilikuwa jambo la kubahatisha.

Ndiyo maana tulimtegemea mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mjini jirani na hospitali. Babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tusikie aibu kidogo. Mke wangu akiwa kwenye mazoezi, mimi nilichomeka waya kwenye soketi ya duka lake, tukanywa kahawa.

"Shikamoo mzee wangu. Punda kachoka?"

"Marahaba. Hajachoka, ana kiu."

"Basi na anywe. Lakini mwambie aache tabia ya kunywa kikombe kimoja kwa saa tatu. Hata wajomba zangu wa Pangani hawanywi hivyo."

Kwenye soketi ya kawaida betri ilijaa polepole mno, lakini saa tatu zilitosha kutufikisha nyumbani. Mke wangu alikuwa na kipimo chake ambacho hakikuhusu ile namba ya kilomita. Alijua kwamba kwenye daraja la pili lazima mshale wa betri uwe juu ya nusu, na kwenye shamba la mikaratusi usiwe chini ya robo. Akiona pungufu alisema, "Baba watoto, punguza." Nilipunguza, lakini sikukiita kipimo. Nilikiita woga wa mwanamke.

Ajabu ni kwamba nilishafundishwa kipimo cha namna hiyo nikiwa mtoto. Babu yangu mzaa baba alibeba mizigo enzi za Mjerumani, kabla ya vita vya kwanza, kutoka huku Karagwe mpaka Bukoba na kurudi. Nilimwahi mwishoni mwa uzee wake. Ukimwuliza mbali gani, hakutaja maili wala saa. Alitaja vituo, yaani mahali ambapo wapagazi walitua mizigo. Alisema njia moja hiyo hiyo ilikuwa na vituo tisa wakati wa kiangazi na kumi na vinne wakati wa masika, na mzungu wao kila mara aliwaonyesha karatasi kwamba ni ile ile. Alicheka aliposimulia, akishika bega lake la kulia lililokuwa na nundu ngumu kama goti. Nilimsikiliza, nikaenda shule, nikajifunza karatasi.

Ilikuwa wiki ya tano. Mke wangu siku hiyo alitembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa gongo moja, na dada wa mazoezi akapiga makofi. Alitoka akiwa na jasho na furaha. Lakini umeme ulikuwa umekatika mjini tangu saa nne asubuhi. Gari lilikuwa limekunywa robo saa tu, na mpaka saa tisa alasiri umeme haukuwa umerudi.

"Umeme hautarudi leo," mwenye duka alisema. "Nguzo imeanguka huko mbele. Lala kwangu, mzee. Mke wangu atampikia mama uji, kesho mtaanzia hapa hapa kwenye mazoezi."

"Gari linasema hamsini na mbili. Nyumbani ni thelathini na sita."

"Linasema hivyo kwa sababu limetoka kuteremka kilima asubuhi. Bado lina furaha ya mteremko. Sasa unalirudisha kulekule kwenye mlima."

Mke wangu naye akasema, "Tulale, Baba watoto." Alisema mara moja tu.

Nilikuwa na sababu zangu, na zote leo naziona aibu. Niliwaza kulala kwa mtu kama ombaomba mwenye mgonjwa. Niliwaza kikundi kitakaposikia kwamba gari la Karani limelala mjini. Na nilikuwa nimenunua magunia mawili ya pumba kwa ajili ya ng'ombe, yako tayari kwenye buti. Sikuyashusha hata hayo. Nikaondoka.

Mvua ilitukuta kwenye daraja la kwanza. Kioo kikaziba, nikawasha kipulizio. Kwenye daraja la pili nilihisi macho ya mke wangu yakitazama dashibodi juu ya bega langu; mshale ulikuwa chini ya nusu. Kwenye mikaratusi namba ilikuwa tisa na njia ilikuwa imebaki kumi na mbili. Nikazima kipulizio, nikawa nafuta kioo kwa kofia. Katikati ya kilima cha mwisho ikatokea picha ya kobe, ambayo kwenye gari hilo ni salamu ya kwaheri. Tukaenda mwendo wa kobe kweli, kisha tukasimama. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Tulikaa humo zaidi ya saa nzima. Mguu wake haukuwa na nafasi ya kunyooka sawasawa, kwa sababu mito ililowa kwa maji yaliyopenya mlangoni. Bodaboda wawili walisimama, wakamtazama, wakatikisa kichwa. Baridi ikaanza kumshika nyonga. Hakulia. Alishika kitambaa cha kiti na kukikunja na kukikunjua.

"Mpigie," akasema.

Nilijua anamsema nani. Nilishika simu muda mrefu kabla ya kubonyeza.

"Karani," mwenyekiti akapokea. "Uko wapi?"

"Kilima cha mwisho, baada ya mikaratusi. Niko na mgonjwa."

Hakuuliza habari za gari. Alisema, "Mfunike," akakata.

Walikuja wanane, wamevaa viroba kichwani kwa ajili ya mvua. Walimtoa kwa utaratibu ambao mimi sikuwahi kuwa nao, mmoja akishika mguu peke yake kama anayebeba mayai, wakamlaza kwenye machela na kumfunika kwa turubai. Kisha wanne wakainua. Kila baada ya hatua mia na kitu mtu wa mbele aliita, na mabega yakabadilishana bila machela kusimama. Kwenye mteremko walibadilishana haraka zaidi kuliko kwenye mpando, kwa kuwa magoti ndiyo huchoka huko. Hakuna aliyengoja kuchoka ndipo aombe. Nikamkumbuka babu na nundu yake.

"Mama, utusamehe," mmoja akasema, "sisi hatuna kipulizio."

"Lakini hamsemi uongo," mke wangu akajibu kutoka chini ya turubai, na wakacheka wote, hata mimi.

Nikasogea kuomba bega. Mwenyekiti akanizuia kwa kiwiko.

"Wewe si mwanachama. Beba magongo."

Nikabeba magongo. Tulipofika kwenye mfereji wa chini ya kitongoji, akanitazama nilivyokuwa nahema, akasema bila kucheka, "Zamu yako. Hatua hamsini, si zaidi." Nikaingiza bega. Nilihesabu. Kwenye hatua ya thelathini na nane mguu wangu ulitetemeka, na kabla sijasema neno mtu akawa tayari ameingia chini ya mti wa machela niliobeba. Hiyo ndiyo ilikuwa kilomita yangu halisi.

Nyonga ilivimba. Alilala siku tisa bila mazoezi, na aliporudi, dada yule alimpima kwa mikono muda mrefu. Nilimwuliza nje, peke yangu, kama ni siku ile iliyoharibu. Alisema hakuna ajuaye, huenda mguu ungefika hapo hapo. Alinionea huruma, naona. Mke wangu leo anatembea kwa gongo moja, na shamba la chini halifikii tena. Lile shamba alilipanda kwa mikono yake kabla hatujazaa. Nimewahi kumwambia kwamba kosa ni langu. Alijibu, "Najua," kisha akaniuliza kama ng'ombe amekula.

Nilipeleka rubisi kwenye kikundi, madebe mawili. Waliinywa wakinitazama, kama ilivyo desturi. Gari sasa ni la zamu pia. Linawapeleka wagonjwa barabarani na mjini, na kanuni aliitunga mwenyekiti ambaye hajui kuendesha: namba yoyote inayoandikwa, tunaigawa nusu, na mvua ikinyesha tunaondoa tena. Mwenye duka mjini alipoisikia alisema ndiyo hesabu ya kwanza ya gari anayoielewa.

Jioni, mvua isipokuwepo, mke wangu hutoka jikoni kwenda langoni na kurudi. Pale katikati, karibu na mti wa kahawa wa zamani, mguu wake huanza kuburuta. Hajawahi kuniambia. Nimeweka kigoda hapo. Yeye hukikalia, huangalia barabara, na mimi hukaa kwenye kibaraza bila kuhesabu hatua, nikingoja aseme mwenyewe kama anaendelea au anarudi.