Kahawa ya Bluu

Maktaba ya programu ninayoitumia kuifundisha kompyuta kutazama picha hutolewa bure. Imeandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, na yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuirekebisha. Ina tabia moja ambayo kila anayeanza huonywa mapema: husoma rangi kinyume na programu nyingi, yaani huanza na bluu na kumalizia na nyekundu. Usipozigeuza, chekundu kitaonekana cha bluu.

Mtaalamu aliyeletwa Muleba kufunga kamera ya kutambua kahawa mbivu na mbichi kwenye kituo cha kukusanyia aliitumia maktaba hiyohiyo, ila hakuwa na muda wa kusoma maonyo. Muda wa kuvaa tai alikuwa nao, na wa kuwaambia wakulima kwamba mfumo ule ameubuni mwenyewe, kwa akili yake.

Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mama huchuma kahawa tunda kwa tunda. Tulipokuwa wadogo, aliyerudi na tunda la kijani kikapuni alisemwa mpaka chakula kikamshinda. Kwetu, anayechuma kahawa mbichi ni mwizi anayewahi kabla mwenye shamba hajaamka, au mtu asiye na haya. Akamwaga kikapu chake mezani, chini ya kamera. Nyekundu tupu. Mfumo ukasema ni mbichi. Mtaalamu akachukua kipaza sauti, akawaonyesha watu mfano wa mkulima asiyejali ubora. Watu wakacheka. Waliofuata nao walikataliwa, lakini kicheko kilikuwa kimeshamwangukia mama.

Alinipigia simu jioni. "Mwanangu, eti macho yangu yameharibika?"

Kesho yake niliondoka Kashai, mjini ninakoishi, alfajiri, nikaenda moja kwa moja kituoni. Kwenye laptop ya mtaalamu, kahawa yote ilikuwa ya bluu. Nikamuuliza kwa nini.

"Hiyo ni rangi ya uchambuzi," akanijibu, akainama mezani kunielekeza, na uso wake ukaingia kwenye picha: bluu toka paji hadi kidevu. Msomi mzima anajitazama akiwa na sura ya maiti aliyeopolewa ziwani, na haoni cha kuuliza.

Nikaomba kibodi, nikaongeza mstari mmoja wa kuzigeuza rangi. Kahawa ikawa nyekundu, naye akarudi kuwa mtu. Hakutaka kujua nimefanya nini. Alitangaza kwamba mfumo wake umeboreshwa, akapigiwa makofi. Nikamwambia amwombe mama radhi kwa kipaza sauti kilekile. Akasema hakuna aliyekosea, kompyuta ilikuwa inajifunza. Nilimdharau siku ile na bado namdharau. Mtu anapewa bure jasho la wenzake na hawezi kusema asante, sembuse samahani.

Majuma machache baadaye nilikwenda nyumbani. Majirani walikuwa wameshauza. Kibanjani kwetu, chini ya migomba, kahawa ilikuwa imepitiliza: nyeusi, imesinyaa matawini, nyingine imeanguka kwenye matandazo. Nikadhani mama anaumwa. Nilimkuta mzima, amesimama na kikapu kitupu, amevuta tawi karibu kabisa na macho.

"Naziacha kidogo," akasema. "Wasije wakasema tena ni mbichi."