Mama Alipolitaka Jangwa

Aliyelitaka jangwa ni Mama. Jirani yetu wa mtaa wa Koekelberg, mzee wa Kibelgiji aliyekuwa amechoka kuendesha, alikuwa na gari-nyumba lenye vitanda, jiko na tangi la maji. Siku moja alimwambia Mama kwamba kusini mwa Hispania kuna jangwa, tena unafika kwa barabara. Mama alidhani anataniwa. Alipojua ni kweli, Baba hakupata raha mpaka akakubali kuliazima lile gari.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa likizo kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilishamtambia kila rafiki niliyekuwa naye. Mama alipakia mchele, maharage na ndizi za kupika kutoka maduka ya Ixelles, chakula cha kulisha harusi. Dada yangu alilalamika kwamba hana pa kuweka miguu. Mimi hata miguu sikuikumbuka. Ufaransa yote nilisimama nyuma ya kiti cha Baba nikimsomea vibao vya barabarani, akaniambia ninyamaze, nami sikunyamaza. Nyumba yetu ilikuwa inakimbia! Chai ilichemka huku miti ikipita dirishani, na nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha miti ikaisha. Ardhi ikawa ya rangi ya biskuti, vilima vikachongoka, na Mama akahamia kiti cha mbele asipitwe na kitu. Tuliacha barabara kuu tukaingia njia ya vumbi. Baba alianza kukohoa kile kikohozi chake cha woga.

Alasiri ilipofika tukasimama tuswali. Dada alifungua bomba ili atawadhe, likakoroma, likatoa matone, likanyamaza. Tangi lilikuwa tupu. Nani wa kulaumiwa? Sote. Sisi watu wa Bujumbura tumezaliwa kando ya ziwa, na udhu wetu ni wa kumwaga maji mpaka roho iridhike. Tulikuwa tumetawadha hivyo njia nzima, watu wanne, kila swala, kana kwamba Tanganyika imefungwa chini ya gari.

Baba alisema turudi mjini. Na tukirudi, alisema, hatutapanda tena huku, kwa sababu likizo yake inaisha na gari si letu. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilijua maji yalikuwa kisingizio tu.

Mama alishuka garini bila haraka.

"Maji ya kunywa iko, bidoni mbili chini ya kitanda," alisema. "Ya udhu ndiyo imeisha. Bon, na vumbi je, imeisha?"

Huko Bujumbura alikuwa akifundisha watoto chuoni, na kutayamamu aliwafundisha kwa sinia la udongo, yeye mwenyewe akiwa hajawahi kukosa maji hata siku moja. Sasa alipiga viganja ardhini, akapangusa uso, akapangusa mikono. Tukamfuata mmoja mmoja, Baba wa mwisho.

Baada ya swala Baba alirudia maneno yake, lakini kwa sauti ya chini.

"Papa wa watoto," Mama akamwambia, "tangu tutoke kwetu, kila safari tulifukuzwa. Hii niliitaka mwenyewe. Donc nitarudi nikitaka mwenyewe."

Baba akawasha gari, tukaendelea mbele.

Njia ilitufikisha kwenye bonde lisilo na nyumba wala mtu. Mama akavua viatu, akaenda. Sisi mabinti tulimkimbilia tukipiga vigelegele, tukateleza kwenye mteremko mpaka sketi zikabadilika rangi. Baba aliuliza kutoka dirishani kama tugeuze gari. Bado, alisema Mama. Akauliza tena. Bado.

Jua lilipoanza kulegea alijipangusa vumbi, akaokota viatu vyake.

"Sasa turudi," alisema.

Akatembea polepole hadi garini. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akiondoka mahali polepole.