Besi Nyumbani kwa Mama Ngalula

Nakumbuka jioni moja ya mkesha wa Noeli, mwanangu, hapa Kolwezi, bendera ya Wabelgiji ingali inapepea. Kwaya yetu ya kambi ya wachimba shaba ilipita nyumba kwa nyumba ikiimba, na tuliimba hata paka wa Kisenge kule mbali wakasahau panya. Lakini mwaka ule hatukuwa na besi. Tata Mutombo, mwenye sauti ya kutikisa masufuria, homa ilimmaliza mwezi wa kumi na moja. Tangu mazishi mjane wake, Mama Ngalula, hakuwasha mbabula yake, jiko lake la makaa, wala kumfungulia mtu. Chakula cha majirani kilipoa kizingitini, na alikuwa na mtoto wa kunyonya. Watu walishaanza kunong'ona kwamba kaburi lile litaongezewa mengine.

Tulipofika kwake nikasema nyumba ya kilio haiimbiwi, tuiruke. Nilikuwa nimepata cheti cha masomo ya jioni juzi tu, nikajiona nimekabidhiwa funguo za mbingu. Mama Kapinga, mkubwa wetu wa kwaya, akanishika mkono.

"Mutoto, hii Noeli unaletea bantu gani? Benye kucheka tu?"

Tukaimba. Kwenye ubeti wa pili besi ikaingia. Ilitoka ndani, chinichini, kama treni inayopita mbali. Niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Tenori wetu alitimua mbio, nadhani alifika mji wa Sandoa kabla ya kupambazuka. Mimi nilishika kitenge cha Mama Kapinga. Mama Kapinga hakuacha kuimba, nasi tukamfuata, maana kunyamaza kulitisha zaidi.

Mlango ukafunguka. Mama Ngalula alisimama na mtoto kifuani, midomo ameifumba. Nyuma yake palikuwa na chumba kimoja, kitanda kitupu na giza. Besi ikamaliza ubeti, ikanyamaza.

"Mulikawia," akasema. "Bwana yangu eko anabangojea tangu jua iliingia."

Kisha akaomba makaa ya moto. Mbabula ikawaka, akala bukari, ule ugali wa majirani, mbele yetu, taratibu, kama mtu aliyetoka safari ndefu, na mtoto akanyonya.

Kilichoimba mle ndani sikijui, mwanangu, na cheti changu hakikusaidia. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ukiwa na furaha ya kugawa, usiuruke mlango uliofungwa kwa huzuni ukidhani unauheshimu. Simama, imba, hata kama sauti yako inatetemeka. Na Mungu akupe watu wa kusimama mlangoni pako, siku utakapokosa nguvu ya kuufungua.