Pigo la Tano

Nimechoka na nyimbo. Nalisema hili bila aibu, mimi ninayeimba besi tangu nianze kuota ndevu. Katika mji huu wa Bujumbura kila mtu ana wimbo wake. Ofisini kwetu Rohero, ninakopiga mihuri na kupanga mafaili, mlinzi wa getini ana wimbo. Mama anayetuletea chai anazo nyimbo mbili, na kila mmoja una beti saba. Wananijia taratibu nikiwa katikati ya kazi, wanainama sikioni na kuniambia, "Papa, sikiliza kidogo tu." Sijaona bado aliyeimba kidogo tu.

Wananijia kwa sababu ya Jumamosi. Kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba kilichoko nyuma ya kanisa moja la Jabe, tunakutana watu kumi au kumi na wawili tunaotunga nyimbo. Hakuna kati yetu ambaye muziki ndio kazi yake. Yupo muuguzi, yupo fundi cherehani, yupo mwalimu wa hesabu ambaye anaongoza kwaya ya kanisa, na kwa hiyo anatuongoza na sisi. Mwenye wimbo mpya anauleta, sisi tunauimba, halafu tunamwambia makosa yake. Wimbo ukipita, kwaya inauchukua. Usipopita, mwenyewe anarudi nao nyumbani kuutengeneza, au kutununia.

Kazi yangu mimi ni kuandika. Nilijifunza nota za solfa shuleni, zile do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, na mwandiko wangu unasomeka mpaka benchi la mwisho. Wasiojua kuandika nota huja mapema, wananiimbia, nami nawaandikia ubaoni kwa chaki kabla wenzetu hawajafika.

Na sheria ya benchi la mbele ni yangu pia. Zamani kidogo fundi cherehani aliambiwa kwamba kiitikio chake kinafanana na tangazo la sabuni la redioni. Alijitetea kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, na siku hiyo hatukuimba wimbo mwingine wowote. Nikapendekeza hivi: mtunzi akae benchi la mbele, asikilize yote anayoambiwa, na mwisho aseme neno moja tu, "Nimesikia." Asieleze, asijitetee. Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona mtu mwenye akili sana.

Sasa, kuna mama mmoja. Alikuwa anauza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Uvira, na watoto watatu, vita vilipofika mtaani kwao. Aliingia kwanza kwenye kwaya, sauti ya kwanza, na sauti yenyewe haikuwa tamu. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini haikuyumba. Baada ya miezi kadhaa akaniambia na yeye ana wimbo.

Jumamosi aliyoniimbia, mafuta yalikuwa yameadimika tena mjini na mabasi hayakuonekana. Nilikuwa nimeitwa ofisini asubuhi kumalizia mafaili, na kutoka Rohero hadi Jabe nilikwenda kwa miguu, jua la saa saba utosini, kisigino changu cha kushoto kikinikumbusha umri wangu kila hatua. Nilifika nikiwa sitaki kusikia sauti ya mtu yeyote. Yeye alikuwa ameshafika, amekaa, mikono juu ya magoti. Niliweka simu mezani irekodi, kwa sababu sikio langu la kulia halifai siku hizi, nikamwambia aimbe.

Alifumba macho akaimba. "Nimekuita," akanyamaza. Halafu, "Niko ku mulango, nangoja." Nilidhani amesahau maneno. Nikamwambia arudie. Akarudia, na pale pale akanyamaza tena. Nikahesabu kwa vidole. Katika kuandika nota tunaukata wimbo kwa mistari ya wima, na kila kati ya mstari na mstari idadi ya mapigo lazima iwe sawa. Wimbo wake wote ulikwenda kwa mapigo manne, safi kabisa. Pale tu baada ya "nimekuita" palikuwa na matano, na la tano lilikuwa halina kitu. Kimya.

Nikajiambia ni pumzi. Mtu asiyesoma nota hupumua anapotaka, nimeona wengi. Nikalifuta lile pigo la tano na kuisogeza "niko" karibu ifuatane na "nimekuita", na wimbo ukanyooka. Haikunichukua hata nusu dakika. Ningemuuliza tu, "Mama, hapa ni nini?" Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kukaa chini.

Wenzetu wakaja, tukauimba. Mwalimu wa hesabu, ambaye kwa kawaida husikiliza nyimbo zetu kama anasahihisha mtihani, alisimama. "Hii ndiyo wimbo sasa," alisema. "Mapigo yote iko sawa, hakuna kitu ya kutoa, hakuna kitu ya kuongeza." Muuguzi akasema amesikia baridi mwilini. Kisha tukamgeukia mwenye wimbo pale benchi la mbele, na yeye akasema, "Nimesikia." Alilisema polepole. Mimi nilikuwa napangusa chaki mikononi na sikumtazama usoni. Nilikuwa nafurahi, maana sifa ile ya mapigo kuwa sawa niliichukua mimi.

Wimbo ulitembea haraka. Kwaya iliuimba Jumapili iliyofuata, na parokia mbili zikatuma watu kuuomba. Siku moja nilikuwa mtaa wa Asiatique kununua betri nikamsikia mpanga maboksi wa dukani akiupiga kwa mluzi. Kanisani watu waligundua mahali pa kupiga makofi: mara mbili, pa pa, mara tu baada ya "nimekuita", na "niko" inaingia juu ya makofi hayo. Hakuna aliyewafundisha. Mahali penyewe walipaona pazuri.

Mtu mmoja tu alikuwa hauwezi wimbo huo, naye ni mwenyewe. Kila mazoezi alichelewa pale pale. Kwaya nzima imeshaingia "niko ku mulango", yeye anakuja nyuma peke yake. Mwalimu alianza kwa upole, akaishia kukasirika.

"Mama, unachelewa kila siku. Kwani ile wimbo si yako?"

"Ni yangu, chef."

"Basi jifunze wimbo yako!"

Tulicheka. Nami nilicheka, na nakumbuka nilicheka kwa sauti, maana besi hucheka kwa sauti.

Miezi ikapita. Mchana mmoja ofisini, saa ya chakula, simu ikaniambia imejaa, nikaanza kufuta rekodi za zamani. Ninazo nyingi: walinzi, wauza mikate, mjomba wangu. Nasikiliza kidogo, nafuta. Nikafika kwenye yake. "Nimekuita," ilisema ile sauti yenye mikwaruzo, ikanyamaza, na ndani ya kimya kile nikajisikia mimi mwenyewe, nimechoka, nina haraka, nasema, "Endelea, mama, endelea."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Safari hii sikuhesabu. Hakuwa amesahau maneno wala hakuwa anapumua. Pumzi ya mtu inasikika, na pale hapakuwa na pumzi. Alikuwa ameizuia, kama mtu aliyepiga hodi akatega sikio. Niliona aibu nikiwa peke yangu na sahani yangu ya maharage, nikaifunika bila kuimaliza.

Jioni, kabla soko halijafungwa, nilimfuata Jabe. Alikuwa anampimia mteja ndagala kwa kikombe. Nilisubiri mteja aondoke nikamwambia nimeusikia wimbo wake upya, na kwamba kuna pigo nililolitoa. Hakushangaa hata kidogo.

"Kule kwetu," alisema, "ukifika ku nyumba ya mutu, unaita, halafu unangoja. Huwezi kusema kitu kama hajakujibu. Siku tulikimbia nilipita kwa mama yangu. Niliita. Nilingoja. Watoto walikuwa wananivuta nguo. Niliondoka." Akapanga kikombe chake juu ya lundo. "Ni pale tu, papa. Pale nangoja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Nilimuuliza karibu kwa hasira, Mungu anisamehe, kana kwamba kosa ni lake.

"Lakini ni we ulisema mutunzi aseme tu nimesikia."

Alinifungia ndagala kwenye gazeti ingawa sikuwa nimeomba, akaniambia kwamba shemeji yake amepiga simu, huko nyumbani kumetulia kidogo, na mwisho wa mwezi anarudi na watoto. Nikahesabu. Ilikuwa imebaki Jumamosi moja na Jumapili moja. Nikamwambia aje Jumamosi, tutauimba wimbo wake jinsi ulivyo, hata kama ni mara moja. Akasema atakuja.

Jumamosi nilifika mapema kuliko siku zote. Niliuandika upya ubao mzima, na baada ya "nimekuita" nikaliweka pigo la tano, tupu, na kulizungushia duara. Yeye alikaa benchi la mbele.

Mwalimu wa hesabu hakungoja hata tuanze. "Papa, mbona pale umeweka mapigo tano? Ni faute. Hata mutoto wa shule anaona."

"Ndivyo alivyouimba," nilisema. "Mimi ndiye niliyekosea kuandika."

Tukajaribu. Mara ya kwanza nusu ya watu waliingia kabla ya wakati na wote wakaangua kicheko. Mara ya pili waliweza kungoja, lakini fundi cherehani akapiga makofi, pa pa, mkono umeshazoea. Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Muuguzi, ambaye ni mtu mwema, akasema watu kanisani wameshauzoea, wanaupenda, tukiubadilisha tutawavuruga. Mwalimu akasema wimbo ukishapita umepita. Nilitaka kueleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme habari ya mama yake na ule mlango, lakini nikamtazama mwenyewe pale benchi la mbele, naye akatikisa kichwa kidogo. Habari ile alinipa mimi sokoni, hakukipa chumba kizima. Nikafunga mdomo.

"Mama, umesikia?" mwalimu akamuuliza.

"Nimesikia," akasema.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, na safari hii si kwa kutembea. Nilimwambia nimeshindwa. Aliniambia nisijisumbue, watu wanaupenda, na mwandiko wangu ni mzuri.

"Ile ya mu telefone iko bado?" akaniuliza.

"Ipo."

"Usiifute."

Nikamwambia imeharibika, kwamba pale pa kungoja inasikika sauti yangu ikisema endelea. Alifikiri kidogo, halafu akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka.

"Basi kuna mutu alijibu," akasema. Alikuwa ananitania, najua. Hata hivyo sikuweza kucheka naye, nikabaki nimeshika mkono wake muda mrefu kuliko inavyostahili barabarani.

Jumapili ilikuwa ya mwisho kwake. Kwaya ikauimba wimbo kwa mapigo manne, sawasawa, kama nilivyoukata. "Nimekuita," tukaimba, kanisa likapiga makofi yake, sauti zote zikaingia. Yeye alinyamaza pale mbele katika sauti ya kwanza, kichwa kimeinama kidogo upande, anangoja. Na mimi nyuma katika besi nikanyamaza. Nilihesabu pigo lile moja, na lilikuwa refu. Kisha tukaingia wote wawili, "niko ku mulango", tumechelewa, yeye na mikwaruzo yake na mimi na uzee wangu. Mwalimu alinigeukia akiwa amekunja uso. Yule mama hakugeuka, lakini najua alinisikia, kwa sababu besi yangu haifichiki.

Aliondoka Jumanne. Sijapata habari zake tangu hapo. Namba aliyoniachia haipatikani, na najiambia huko mtandao ni mbovu. Jumamosi bado naandika ubaoni. Siku hizi mtu akinyamaza katikati ya wimbo wake namuuliza hapo ni nini, na mara nyingi ananijibu kwamba amesahau maneno. Nauliza tu hivyo hivyo, ingawa kunanichosha.

Wimbo wake unaimbwa bado, hasa watu wakiwa na furaha. Kila tunapofika pale nachelewa, na mazoezi yakiisha mwalimu ananiita pembeni, kwa heshima, kwa sababu ya mvi zangu.

"Papa, pale unachelewa tena."

"Nimesikia," namwambia. Jumapili ikifika, nangoja.