Mikono Miwili ya Mama Kahindo

Mwanangu, nakumbuka siku nilipogeuza kopo la mtu sokoni, na mpaka leo mkono huu unaona haya. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukimkazia macho yule muuza makaa aliyekuongezea vipande vitatu. Sikulaumu. Mimi nawe ni damu moja. Hata mimi nikipewa cha bure, kwanza naangalia nani amesimama nyuma yangu.

Nilikuwa msichana, tukikaa mtaa wa Murara. Mama alinunua maharage kwa mtu mmoja tu, Mama Kahindo, mjane aliyeyaleta kutoka mji wa Kiwanja. Alikuwa akipima kopo, kisha anakuongezea mikono miwili iliyojaa. Wenzake waliongeza punje chache tu za kukunyamazisha. Nikaanza kumshuku. Huyu anapata wapi moyo huo? Kwetu nyongeza si ya namna moja: kuna ya mapenzi, kuna ya kukuvuta urudi kesho, na kuna ya kukufumba macho. Nikaamua yake ni hiyo ya tatu.

Basi siku hiyo soko limejaa, alipokwisha kunimiminia maharage na kuniongezea mikono yake miwili, nikamnyang'anya kopo nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimebonyea kwa ndani, ngumi nzima inaingia. Nilifurahi, mwanangu, nakiri. Nikapaza sauti: "Mumuone! Kopo yake imebonyea! Ni mwizi, anatuibaka!"

Wateja wakasogea meza ya jirani, mmoja mmoja, bila kumtazama. Mama Kahindo hakupandisha sauti.

"Ilibonyea siku tulikimbia vita, mutoto wangu. Ilianguka ku mawe. Ni juu ya ile naongezaka mikono mbili. Ungeniuliza, ningekuambia."

Nani angemwamini? Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mama hakunisifu. Alichukua kopo letu, la ukubwa ule ule na kitako kilichonyooka, akamimina humo maharage niliyoleta. Kopo likajaa mpaka juu, na mezani yakabaki maharage ya kujaza mkono.

"Unaona?" akasema. "Mukono moja ni ya kujaza pale pamebonyea. Ya pili, alikuwa anakupa tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake tulikwenda pamoja kumwomba msamaha, naye akatusamehe, akaniuliza hata habari za masomo. Lakini wateja wake wengi hawakurudi tena, maana neno "mwizi" likishasemwa sokoni halifutiki kwa msamaha wa msichana mmoja. Na Mama Kahindo alikuwa amenunua kopo jipya. Akapima, akasawazisha juu kwa kiganja, akanimiminia. Hakuongeza hata punje moja, si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote, mpaka siku alipoacha kuuza.

Kwa hiyo shuku, mwanangu. Mji huu umetufundisha hivyo, na mimi siwezi kukudanganya uache. Geuza hata kopo, ukiwa na wasiwasi. Ila kabla ya kufungua mdomo mbele za watu, muulize mwenye kopo, tena muulize kwa sauti ya chini, kisha nenda nyumbani ukapime.

Mungu akupe macho makali na ulimi mzito, na wale wanaokuongezea kwa moyo wasije wakaacha kwa sababu yako.