Sahani Nyekundu na Omena Yenye Mchanga

Jumapili iliyopita Achieng', anayelala kitanda cha juu yangu hapa bwenini, alifungua kopo la omena, wale dagaa wa ziwani, ya kukaanga, aliyoletewa na mamake siku ya wageni. Harufu ikajaa bweni zima. Wasichana wasiotoka ziwani wakaziba pua na kupiga kelele. Mimi nilifumba macho, nikaona uwanja mtupu kando ya ziwa, jua la utosi, na sahani nyekundu ikipanda juu kwenye upepo kana kwamba imeitwa na mtu. Nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?" Achieng' akauliza.

"Hakuna."

Mimi ni mtu wa kusema hakuna. Ndiyo maana naandika. Ninyi mnaosoma hamwezi kunikatiza.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikaa mtaa wa Kaloleni, mjini, lakini shule zikifungwa nilipelekwa kwa dani, yaani nyanya yangu, mzaa baba, aliyeishi ufuoni nje kidogo ya Kisumu. Dani alikausha omena. Kila asubuhi yeye na wanawake wenzake walitandaza nyavu kuukuu chini, dani wake juu ya mwamba safi, wakamwaga samaki hao wadogo juu yake, na ufuo wote ukang'aa kama umemwagiwa misumari mipya. Walikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi aliijua: kitu kikianguka juu ya omena ya mtu, kimekuwa cha mwenye omena. Mpira, kofia, kandambili. Kuku akikamatwa akidonoa, jioni alikuwa mboga, na mwenye kuku alialikwa kula.

Nyuma ya nyavu hizo ndipo palikuwa na uwanja wetu wa sahani. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hesabu shule ya karibu, alisimika nguzo chache, juu ya kila nguzo akafunga rimu ya baiskeli yenye minyororo ya kuning'inia, na chini ya minyororo karai; hicho tukakiita kikapu. Unasimama kwenye jiwe, unarusha sahani ya plastiki, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena mpaka ilie kwenye minyororo na kutulia karaini. Anayerusha mara chache ndiye mshindi. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, huna haja ya kupumzika ukiuzunguka, na haukuwa na mti wala ukuta. Kwa hiyo hukucheza na mwenzako tu. Ulicheza na upepo pia, na upepo haukuwa na adabu.

Mimi sikuwa mrushaji. Nilikuwa mwokotaji. Sahani zikiingia kwenye matete nilizifuata bila kutumwa. Mwalimu alipomaliza muda wake akanipa ile nyekundu, nyepesi kuliko zote. Nyumbani kila kitu changu kilikuwa kimevaliwa au kuvunjwa na binamu fulani kabla ya kunifikia. Ile sahani ilikuwa ya kwanza kuanza na mimi.

Haikumaliza wiki. Otis aliichukua.

Otis alikuwa mtoto wa mama mmoja wa mtaa wa Mamboleo aliyekuja na pikapu kununua omena ya ufuo mzima. Alikuwa darasa la saba na alivaa viatu hata likizoni. Alikuja akasema, "Lete nione," akaitwaa mkononi mwangu mbele ya watoto wote, akaitia kwapani.

Nilisimama pale.

"Sema basi," akasema. "Sema, 'Otis, nirudishie.' Unaona? Hawezi! Huyu ni bubu, jameni!"

Wakacheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Bubu, hata na watoto ambao juzi nilikuwa nikiwaokotea sahani zao. Nilimwendea dani nikilia. Alisikiliza, akifuta magamba mikononi.

"Wachana nayo, nyathina," alisema. Mwanangu, ndivyo alivyoniita. "Mamake ndiye ananunua samaki yetu. Tukigombana na yeye tutauzia nani?"

Nitasema ukweli: siku hiyo nilimchukia dani kidogo. Otis nilimchukia kabisa. Nikisugua sufuria, nilikuwa namsugua Otis. Nilimwombea tumbo la kuendesha safarini. Kanisani waliposema tusamehe waliotukosea, mimi nilitazama viatu vya watu.

Lakini mwokotaji anajua kitu ambacho mrushaji hakijui: anajua sahani zinaangukia wapi. Asubuhi upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Karibu na saa sita hunyamaza kabisa, na hapo wanawake hugeuza omena. Halafu dani huinuka, hukaza leso kiunoni na kuita, "Mawe!" Wote hukimbia kuweka mawe kwenye pembe za nyavu, maana upepo unarudi, na safari hii unatoka ziwani kwa nguvu. Nilijua pia kwamba ukiurushia upepo huo sahani nyepesi kwa nguvu, pua ikiwa juu, sahani huonyesha tumbo, hupanda, halafu humrudia mwenyewe. Otis hakujua. Yeye huja na pikapu asubuhi, na kabla ya upepo kugeuka huwa wameshaondoka.

Siku ya soko pikapu ilipasuka gurudumu. Otis akabaki, na mimi nikaona Mungu amesikia ile sala mbaya. Nilimwendea nikiwa na kifuniko cha ndoo mkononi.

"Tucheze," nikasema. "Nikishinda, sahani."

"Aiyaa! Bubu anaongea!" Akazunguka ili kila mtu asikie. "Sawa. Lakini ukishindwa, unasimama juu ya hii jiwe, unasema, 'Mimi ni Bubu,' mpaka mathe wangu asikie kule kwa gari."

Nikakubali kwa kichwa.

Nilicheza polepole kama mgonjwa. Nilitoa miguuni miiba ambayo haikuwemo. Nilifunga nywele, nikazifungua.

"Bubu, unaomba mvua ama unacheza?" Otis aliuliza. "Ona vile anarusha, kama anamwaga maji ya vyombo!"

Nilirusha chini, karibu na nyasi, na yeye alirusha juu kwa madaha, upepo wa mgongoni ukimsaidia. Tulifika kikapu cha mwisho tukiwa sawa. Kikapu hicho kilisimama karibu na maji, na jiwe lake la kurushia lilikuwa huku juu, ukitazama ziwa. Nyuma ya jiwe nikamwona dani, ametandaza wavu wake na omena yake pale penye vumbi, mahali ambapo hakuwahi kukausha kitu. Niliudhika kidogo, kwamba amekuja kunitazama nikiaibika.

Upepo ukanyamaza. Nikarusha kifuniko, kikateleza chini kikalala miguuni pa nguzo. Mara ya pili kikalia karaini.

"Mbili?" Otis akasema. "Mimi ni moja tu. Angalia, ujifunze."

"Mawe!" dani akaita.

Wanawake wakakimbia. Otis hakugeuka hata. Alijipinda mwili wote, akaiachia sahani yangu kwa nguvu zake zote, pua juu. Ikaenda vizuri sana. Halafu ziwa likapumua. Sahani ikainua tumbo, ikapanda, ikasimama hewani. Ikarudi. Ikapita juu ya kichwa chake, naye akaruka kuidaka akaanguka na viatu vyake, na ikashuka taratibu katikati ya omena ya dani.

Otis akakimbia kuichukua. Dani alikuwa amefika.

"Mama, hiyo ni yangu!"

"Imelala wapi?" dani akauliza kwa upole.

"Kwa omena."

"Omena ni ya nani?"

"Ni ya wewe, lakini—"

"Muulize mamako kama ufuo huu una sheria ama hauna."

Mamake alikuwa ameshuka garini. Alitazama wanawake wote waliosimama na mawe mikononi, akasema, "Otis, kuja twende." Watoto wakaanza kuimba jina lake, na nikiri, niliimba kwa sauti kuliko wote. Alilia. Nilitaka alie zaidi.

Wiki ile nzima tulikula omena yenye mchanga. Mama wa Otis aliikataa, maana ilikauka penye vumbi. Mimi nilinung'unika kila nilipotafuna, nikamuuliza dani kwa nini aliacha mwamba wake safi siku hiyo, na yeye akasema tu, "Kula." Alikuwa anatafuna polepole, mchanga ukilia menoni mwake, na uso umetulia kama mtu anayekula nyama ya sikukuu. Nilidhani ni uzee.

Achieng' alipofungua kopo lake ndipo nilipofahamu kwamba dani, aliyeujua upepo kuliko mimi, alitandaza omena yake pale vumbini makusudi ili sahani iangukie juu yake. Akanionjesha. Ilikuwa safi, haikulia menoni hata mara moja, na nilisikia kwamba kuna kitu kinakosekana.